Kutoka Fundi Mitambo hadi Akili Bandia: Lugha, Zana na Soko la Programu za Kutengenezea Muziki



Utangulizi

Yamkini mada ya mhadhara huu itawashangaza baadhi ya wasikilizaji. Mihadhara ya umma kuhusu taaluma za Kiswahili aghalabu hushughulika na sarufi, fasihi, historia ya lahaja au uundaji wa istilahi, na soko la programu za kompyuta za kutengenezea muziki limezoeleka kuachiwa wachumi na wahandisi. Hata hivyo, katika miaka michache iliyopita limetokea jambo linalolileta soko hilo mlangoni mwa wanaisimu. Kwa takriban miaka 40 zana za muziki wa kompyuta zilishikwa kwa vidole: vitufe, vinanda, kipanya, na mistari ya rangi kwenye kioo. Sasa zimezuka zana zinazoshikwa kwa neno. Mtumiaji huandika sentensi moja au mbili, na baada ya muda mfupi hupewa wimbo mzima wenye ala, sauti ya mwimbaji na maneno. Maadamu neno limekuwa mpini wa chombo, wanaisimu hawana budi kuuliza: ni neno la lugha gani, nani aliyelipa maana yake, na nani anayelipwa linapotumika?

Kwanza jina lenyewe. Kiswahili kina angalau majina matatu ya teknolojia hii: akili bandia, akili mnemba na akili unde. La kwanza lilitangulia kuenea, la pili limeshika sana Tanzania, na la tatu pia linasikika. Wanaolikosoa jina la kwanza husema kwamba neno bandia lina harufu ya udanganyifu: noti bandia, dawa bandia, cheti bandia. Hoja hiyo ina uzito katika tiba au katika kilimo. Katika muziki, ambako shauri linalobishaniwa mahakamani ni iwapo kinachozalishwa na mashine ni kitu kipya au ni jasho la wengine lililochujwa, huenda harufu hiyo ikawa na manufaa yake. Mhadhara huu unatumia akili bandia, bila kudai kuwa mjadala wa istilahi umekwisha.

Soko la zana kabla ya akili bandia

Msingi wa soko hili uliwekwa mwaka 1983, kampuni za Marekani na Japani zilizokuwa zikishindana zilipokubaliana kutumia MIDI, yaani kanuni moja ya kuwezesha vinanda na mashine za ngoma za watengenezaji mbalimbali kuelewana. MIDI haibebi sauti. Hubeba maagizo tu: noti ipi ipigwe, ibonyezwe kwa nguvu kiasi gani, iachiwe lini. Kwa lugha ya darasani, ilikuwa ni usanifishaji, na kama usanifishaji wowote, ilipokea baadhi ya matamshi na kuyaacha mengine. Kanuni hiyo ilijengwa juu ya noti 12 za piano; mwanamuziki wa kanuni au udi wa Unguja anayehitaji sauti iliyo katikati ya noti mbili huilazimisha kwa hila.

Juu ya msingi huo Steinberg ya Hamburg ilitoa Cubase mwaka 1989, na Digidesign ya California ikatoa Pro Tools mwaka 1991. Mwaka 1996 Steinberg ikaweka wazi mfumo wa VST, ulioziruhusu kampuni nyingine kuunda programu ndogo za kupachikwa ndani ya programu kuu. Uamuzi huo ulizaa soko la pili, ambalo lina wauzaji wengi zaidi ya lile la kwanza: soko la vinanda vya kompyuta, vichujio vya sauti, mwangwi, na maktaba za vipande vya muziki vilivyokwisha kurekodiwa. Mwaka 1997 pekee ulitoa zana mbili ambazo pengine zimeyagusa masikio ya Afrika Mashariki kuliko nyingine zote: Auto-Tune ya Antares, inayonyoosha sauti ya mwimbaji, na FruityLoops ya Image-Line ya Ubelgiji, iliyobadilishwa jina kuwa FL Studio mwaka 2003. Image-Line iliwaahidi wanunuzi wake matoleo yote yajayo bila malipo ya ziada. Ahadi hiyo inafaa kukumbukwa, kwa kuwa itarejewa.

Tangu hapo bei zimekuwa zikishuka. Apple iliinunua Emagic, wenye programu ya Logic, mwaka 2002. Mwaka 2004 ikatoa GarageBand, na tangu mwaka 2011 Logic imekuwa ikiuzwa kwa dola 200 hivi za Marekani, wakati kabla ya hapo ilikuwa ghali maradufu na zaidi. Mwaka 2018 BandLab ya Singapore iliichukua Cakewalk, programu iliyokuwa ikiuzwa, na kuanza kuigawa bure. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba akili bandia imelikuta soko lenye afya na kulijeruhi. Imelikuta soko ambalo tayari lilikuwa likihangaika kutafuta namna ya kumtoza mteja aliyekwisha kununua. Mwezi Machi 2023 kampuni ya Waves ilitangaza kuwa haitauza tena leseni za kudumu bali malipo ya kila mwezi au mwaka pekee. Wateja waliwaka, na baada ya siku chache tu kampuni ikarudi nyuma. Tukio hilo linaonyesha wauzaji walikuwa wakielekea wapi hata kabla mashine hazijaanza kuimba.

Kompyuta iliyoivunja bendi

Afrika Mashariki ililipokea soko hili kwa njia yake. Enzi ya Ujamaa, studio kubwa kuliko zote nchini Tanzania ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ya muziki wa dansi iliingia na watu kumi au zaidi, ikapiga wote kwa pamoja, na aliyekaa nyuma ya kioo aliitwa fundi mitambo. Jina hilo ni safi kabisa: mtu huyo alikuwa fundi, na kazi yake ilikuwa mitambo. Muziki haukuwa wake. Baada ya utangazaji kufunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990, zikazuka studio ndogo, zikiwamo zile za Master J na P-Funk Majani, na aliyekaa mbele ya kompyuta hakuwa tena fundi mitambo. Aliitwa prodyuza, na baadaye, kwa wanaopenda Kiswahili sanifu, mtayarishaji. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma, mpiga gitaa la besi na mpiga kinanda. Katika taarabu pia, vikundi vya kisasa vya miaka hiyo vilikiweka kinanda cha umeme mahali palipokuwa pa fidla kadhaa, kanuni na akodiani.

Lugha iliyaandika mabadiliko hayo kwa uaminifu kuliko takwimu yoyote. Muziki uliokuwa ukipigwa sasa ukawa unatengenezwa, na mitaani biti ikawa inapikwa au inagongwa. Mpigaji akatoweka katika sentensi. Neno ngoma, ambalo lilikuwa jina la chombo, kisha la mchezo mzima pamoja na wachezaji na shughuli yake, likafikia hatua ya kumaanisha wimbo wowote uliotoka studio: mtangazaji husema ngoma mpya imetoka, na ndani yake hamna ngozi hata moja iliyowambwa. Anayelalamika leo kwamba mashine inawanyang'anya wanamuziki kazi ni vyema akumbuke kuwa programu za kutengenezea muziki zilikwisha kuifanya kazi hiyo kizazi kimoja kilichopita, tena kwa shangwe, na wapiga tarumbeta wa bendi za dansi hawakuandaliwa mihadhara ya umma.

Tofauti ipo, nayo ni kubwa. Kompyuta ya prodyuza ilimpokonya mpigaji kazi, lakini iliacha sikio la mtu pale penye uamuzi. Ushahidi bora ni singeli ya Dar es Salaam. Vijana wa uswahilini, waliorithi mchiriku na vinanda vyake vidogo vya Casio, walichukua programu za kawaida na kuzitumia kinyume cha maelekezo: wakaongeza kasi hadi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, wakarudiarudia kipande kimoja hadi kikabadilika maana. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za Sisso Studio ya Mburahati katika albamu ya Sounds of Sisso, na wasikilizaji wa Ulaya wakaisikiliza kama sauti ya kesho. Hakuna mtengenezaji wa programu aliyekusudia singeli. Ilizaliwa kwa sababu chombo kilikuwa na vishikio, na chenye vishikio huweza kushikwa vibaya. Mashine iliyofunzwa kwa mamilioni ya nyimbo hutoa kile kinachoelekea zaidi kufuata kile kilichotangulia. Kwa maumbile yake huvutwa na wastani. Ikielezwa leo itengeneze singeli huenda ikaiweza, kwa kuwa singeli ipo. Swali ni iwapo ingeliibuni kabla haijakuwapo.

Kufuli isiyovunjika

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wa Ulaya na Marekani hulipita haraka. Katika miji ya Afrika Mashariki, kama katika miji mingi ya dunia, vijana wengi walijifunza kazi ya studio kwa nakala za programu zilizovunjwa kufuli, zilizopita mkono kwa mkono katika diski na baadaye katika flashi. Huo ulikuwa uvunjaji wa sheria, na hakuna haja ya kuuremba. Lakini ulikuwa pia shule isiyo na ada. Baadhi ya waliojifunza humo walikuja kununua leseni halali walipopata uwezo, na hapo ile ahadi ya Image-Line ya matoleo ya maisha ilikuwa na thamani ya pekee: mtu alilipa mara moja, kwa fedha aliyoikusanya kwa miezi, akawa amemaliza.

Akili bandia inafunga mlango huo wa nyuma. Programu ya kawaida inakaa ndani ya kompyuta ya mtumiaji, ikifanya kazi hata umeme wa mtaa ukirudi bila intaneti. Suno na Udio hazikai kwa mtumiaji. Zinakaa katika mitambo ya wenyewe, ng'ambo, na kinachomfikia mtumiaji ni matokeo tu. Hakuna kufuli ya kuvunja. Suno imekuwa ikitoza dola 10 kwa mwezi kwa nyimbo zipatazo 500, na dola 30 kwa nyimbo zipatazo 2,000, pamoja na mgao mdogo wa bure usioruhusu biashara. Kwa hesabu ya wimbo mmoja mmoja, ni bei ya karanga. Kwa hesabu ya kijana asiye na kipato cha mwezi, ni kodi isiyokwisha, na siku asipolipa habaki na chombo.

Kwamba hilo si hofu tupu lilidhihirika mwezi Oktoba 2025. Universal Music Group na Udio walitangaza kuwa wamemaliza kesi yao na kwamba huduma mpya yenye leseni ingefuata. Papo hapo Udio ikazuia watumiaji kupakua nyimbo walizokwisha kuzitengeneza. Baada ya malalamiko, walifunguliwa dirisha la saa 48 ili wachukue vyao. Mtu aliyenunua FruityLoops mwaka 2000 anaweza mpaka leo kufungua toleo jipya la programu hiyo kwa leseni ileile. Aliyelipia Udio mwanzoni mwa 2025 alipewa siku mbili.

Nini kinaelekea kupungua

Sasa soko lenyewe. Google iliionyesha MusicLM Januari 2023, Meta ikatoa MusicGen Juni mwaka huohuo, Suno ikafunguliwa kwa umma kabla ya mwaka kwisha, na Udio ikafuata Aprili 2024. Kasi ya mafuriko inaweza kupimwa kwa takwimu za Deezer, huduma ya Ufaransa ya kusikilizia muziki: Novemba 2025 ilitangaza kuwa inapokea nyimbo zipatazo 50,000 kwa siku zilizotengenezwa na mashine peke yake, yaani takriban asilimia 34 ya nyimbo zote zinazoletwa. Mwezi huohuo Suno ilikusanya mtaji wa dola milioni 250, kwa makadirio ya thamani ya dola bilioni 2.45. Kwa mlinganisho, Avid, wenye Pro Tools na zana nyingi za filamu na televisheni, iliuzwa nzima mwaka 2023 kwa dola bilioni 1.4.

Ukubwa wa mtaji, hata hivyo, hautoshi kuonyesha nani ataumia. Katika soko la zana kuna tabaka, na pigo haliyafiki yote kwa usawa. La kwanza kupigwa ni lile la maktaba za vipande: mtu aliyekuwa akinunua mapigo ya ngoma na mistari ya besi iliyokwisha kurekodiwa, ili aunganishe, anaweza sasa kuviagiza kwa sentensi. Linafuata tabaka la programu za wanaoanza, zile zilizouzwa kwa ahadi kwamba hata asiyejua muziki ataweza. Ahadi hiyo sasa inatimizwa na mwingine kwa ukamilifu unaotisha. Huduma za kukamilisha sauti ya wimbo kabla ya kuutoa zilikwisha kuingia mikononi mwa mashine tangu LANDR ilipoanza mwaka 2014, na hapo hapana jipya la kusema.

Programu kuu zina uhai mrefu zaidi kuliko inavyodhaniwa, na ushahidi unatoka kwa washindani wao. Juni 2025 Suno iliinunua WavTool, programu ya kuhariri muziki ndani ya kivinjari, na Septemba mwaka huohuo ikatoa Suno Studio, yenye mistari ya sauti iliyopangwa juu na chini ambayo mtumiaji anaweza kuikata, kuisogeza na kuibadilisha. Yaani kampuni iliyoanza kwa kusema kuwa sentensi inatosha imeishia kujenga meza ileile ya fundi. Sababu si ngumu. Neno huagiza vizuri lakini husahihisha vibaya. Mtu anaweza kuandika kuwa anataka wimbo wa huzuni. Ni taabu kuandika kwamba besi ya ubeti wa pili ichelewe kidogo sana, kiasi cha pumzi. Kwa upande wa pili, wenye programu kuu wanaingiza akili bandia ndani ya meza zao: Logic ilipata wapigaji wa besi na kinanda wa mashine mwezi Mei 2024, juu ya mpiga ngoma aliyekuwamo tangu 2013, na kazi ya kutenganisha sauti ya mwimbaji na ala, ambayo Deezer iliigawa bure kwa programu ya Spleeter mwaka 2019, sasa imo ndani ya Logic na FL Studio pia. Pande mbili zinakutana katikati. Kitakachobadilika zaidi, kwa dalili zilizopo, ni namna ya kulipa: programu iliyouzwa mara moja inaanza kutegemea mitambo ya mbali yenye gharama kila inapotumika, na gharama hiyo lazima mtu ailipe kila mwezi. Kama ahadi za matoleo ya maisha zitadumu katika mazingira hayo ni jambo la kutazamwa kwa macho mawili.

Neno kama mpini

Hapa ndipo wanaisimu wanapoitwa. Mashine hujifunza kwa kuunganisha sauti na maelezo yake ya maandishi, na mtumiaji huiamuru kwa maelezo ya aina hiyohiyo. Maelezo yakiwa haba au yamekosewa, chombo huwa butu. Sasa majina ya muziki wa Waswahili mara nyingi si majina ya sauti. Ni majina ya shughuli. Chakacha na vugo ni mambo ya wanawake arusini. Kirumbizi ni mchezo wa fimbo. Taarabu ni sauti, lakini pia ni ukumbi, tuzo ya noti mkononi mwa mwimbaji, na fumbo linalomwendea mtu aliyeketi safu ya tatu. Anayeandika neno taarabu katika mashine anapewa fidla na kinanda. Mlengwa wa mipasho hapewi, maana hayumo katika rekodi.

Mtu anaweza kujibu kwamba hata rekodi ya kaseti haikuwa na mlengwa. Kweli. Lakini kaseti haikudai kuwa ndiyo maana ya neno. Mashine inadai, kwa sababu kila mara neno linapoandikwa hurejesha jibu, na kijana wa miaka 15 atakayelisikia jibu hilo mara mia kabla ya kuhudhuria arusi moja Unguja atakuwa amejifunza neno upya. Kadhalika, jina lenye nguvu humeza majina dhaifu. Muziki mwingi wa Afrika tayari umewekwa na wauzaji wa dunia chini ya mwavuli wa Afrobeats, jina lililotoka Afrika Magharibi. Mduara na mchiriku vikiingizwa chini ya mwavuli huo katika maelezo ya mafunzo, hakuna sentensi ya Kiswahili itakayovitoa.

Mtu mbaya na njia mbaya

Mfano mmoja wa fonolojia utaonyesha kina cha tatizo, na ni mfano ambao kila mwanafunzi wa ushairi anaufahamu bila kufundishwa. Katika maneno mtu mbaya mna mizani tano: m-tu m-ba-ya. Katika maneno njia mbaya mna mizani nne tu: nji-a mba-ya. Neno mbaya limeandikwa kwa herufi zilezile, lakini m ya ngeli ya kwanza ni silabi kamili, wakati m ya ngeli ya tisa imeshikamana na b. Mtunzi wa shairi anayehesabu mizani nane kwa nane hakosei hapo, na mwimbaji huipa m ya kwanza noti yake mwenyewe. Anayesoma herufi bila upatanisho wa kisarufi hana njia ya kujua. Ongeza barabara, ambayo mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari, na ukirudi nyuma silabi moja ni sawasawa kabisa. Ongeza ng'ombe, anayepoteza alama yake kila mtu anapoandika kwa haraka katika simu.

Kabla ya akili bandia, soko la sauti za kuimba za kompyuta liliitatua shida hii kwa kuipuuza. Vocaloid ya Yamaha, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, ilipata sauti za Kijapani, Kiingereza, Kihispania, Kikorea na Kichina. Kila lugha ilihitaji mwimbaji wa kukodiwa, wanafonetiki na miezi ya kazi, na hakuna aliyeona faida ya kumkodi mwimbaji wa Kiswahili. Leo mashine inaimba Kiswahili bila mwimbaji yeyote kukodiwa. Imejifunza kutokana na nyimbo zilizokwisha kuimbwa. Wasemaji wa Kiswahili wamepewa kile walichonyimwa na soko la awali, na wamepewa kwa njia ambayo haikumlipa hata mmoja wao. Ni vigumu kujua kama inafaa kushukuru.

Nani atatia saini

Tarehe 24 Juni 2024 kampuni tatu kubwa za rekodi, Universal, Sony na Warner, ziliwashtaki Suno na Udio katika mahakama za Marekani. Katika majibu yake ya Agosti mwaka huo, Suno ilieleza kuwa mafunzo ya mashine yake yalihusisha makumi ya mamilioni ya rekodi, kwa hakika karibu muziki wote wa ubora wa kuridhisha unaopatikana katika intaneti iliyo wazi, na ikadai kuwa sheria ya Marekani inaruhusu matumizi hayo. Tangu hapo mashauri yamekuwa yakigeuka kuwa mikataba: Universal na Udio Oktoba 2025, Warner na Suno mwezi uliofuata. Ujerumani, shirika la watunzi la GEMA liliishtaki Suno Januari 2025. Utaratibu unaojitokeza ni wazi: anayeweza kushtaki anaweza baadaye kuuza leseni, na leseni hizo zinakuwa sehemu ya bei ya programu.

Kwa upande wa muziki wa Kiswahili, swali ni nani mwenye kalamu. Chukua bendi ya NUTA, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Nyimbo zake za awali zilitungwa na waajiriwa wa chama, zikapigwa kwa ala za chama, zikarekodiwa na redio ya serikali ambayo leo ni TBC, kwa ajili ya matangazo na si kwa ajili ya mauzo. Baadaye zilinakiliwa katika kaseti, zikapandishwa katika intaneti na mashabiki, na kwa maelezo ya Suno yenyewe ni vigumu kuamini kwamba zilirukwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, iliyoiunda COSOTA, humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo watunzi wengi wa enzi hizo, au warithi wao, bado wana haki. Kuidai ni kazi nyingine: ni lazima kwanza ijulikane nani alitunga ubeti, nani alitunga muziki, na bendi ilipobadilishwa jina haki zilikwenda na jina au zilibaki na watu.

Sehemu ya majibu hayo imo katika kumbukumbu za studio, na sehemu nyingine imo vichwani mwa wazee wanaopungua kila mwaka. Yapo majina yaliyoandikwa juu ya maboksi ya kanda kwa mkono wa fundi mitambo, pengine kwa kalamu ya risasi, jina la wimbo na la bendi, mara nyingine na la mtunzi. Idara za Kiswahili zina watu waliofunzwa kusoma miswada ya tenzi za Pate na Lamu zilizofifia wino, kulinganisha nakala, na kuamua nani alitunga nini. Maboksi hayo ni kazi ileile, isipokuwa yana umri mdogo zaidi, na baadhi ya waliotajwa juu yake bado wanaweza kuulizwa.